Magoti ya Kumsalimia Baba

Fomu yangu ya kupimia haina huruma. Ina orodha ya vitendo: kugeuka, kukaa, kusimama kwa mguu mmoja. Mtoto asipoanza kabisa ni sifuri, akimaliza mwenyewe ni tatu. Nimewafanyisha mazoezi ya viungo na kuwapima watoto wengi walioumia ubongo hospitalini hapa Kahama, na bado mkono huwa mzito kuandika sifuri.

Binti mmoja wa miaka minane aligongwa na bodaboda akivuka barabara. Baba yake, mfugaji kutoka kijijini, hakuniuliza habari za shule. Alisema siku binti atakapompigia magoti kumsalimia, kama mabinti wote wa kwao, kisha akainuka mwenyewe, hapo atajua amepona. Nikamjibu kwa mbwembwe kwamba tutafika. Mdomo wangu hauna breki.

Miezi ikapita. Binti alikaa, akasimama, akatembea akiburuta mguu wa kushoto. Kupiga magoti aliweza. Kuinuka ndiko kulikogoma. Mwezi wa tano wa mazoezi akainuka, mama yake akiwa amekaa nyuma yake mkekani kama kawaida. Niliandika tatu, nikatoka mbio kumwita baba aliyekuwa kwenye benchi nje. Nikamwomba mama asogee pembeni ili mzee aone vizuri.

Binti akapiga magoti. "Mwangaluka, baba," akamwamkia kwa Kisukuma. Baba akaitikia. Binti akajisukuma, nyonga ikatetemeka, akaangukia mkono. Akajaribu tena, na tena.

Mama akainamisha kichwa. "Nilikuwa namvuta gauni kwa nyuma," akaniambia. "Nilimwonea huruma."

Nilimkasirikia, kisha nikayakasirikia macho yangu, maana yaliitaka tatu kuliko hata yeye. Nikaifuta. Sikuwa na zoezi jingine la kumpa. Yote tulishayafanya, na miezi miwili mguu ule haukuwa umeongeza kitu. Hilo sikuwa nimemwambia mtu.

Baba akamwinua, akampangusa magoti, akasema polepole, "Mwanangu, basi. Kuanzia leo utanisalimia umesimama."

Nilishukuru moyoni, nikadhani amemtua mzigo. Binti akamtazama, akaanza kulia kilio ambacho sikuwahi kukisikia hata nilipomnyoosha misuli kwa maumivu. Akashuka tena kwenye magoti, akabaki pale chini, akingoja kuitikiwa. Sisi watu wazima watatu tulisimama tu. Hakuna aliyejua kama amwinue.