Tapeti Zilipoacha Kugonga

Gari la mjomba wangu ni pikapu ya zamani kuliko mama yangu. Injini ni ileile liliyokuja nayo, ya petroli, na aliliendesha peke yake mpaka goti likamshinda. Ndipo akanipa mimi ufunguo. Wanawe walikuwa wameshamwambia kwamba likizima njiani hata mara moja, wanaliuza chuma chakavu. Hakubishana nao. Mimi aliniambia, "Kila Jumamosi pima tapeti," basi.

Mwanzoni nilipima nafasi ya hivyo vyuma vidogo vinavyosukuma valvu za injini. Zilikuwa zinagonga, ta-ta-ta, na nikipita Lumemo watu wanacheka: "Dereva, umebeba cherehani, au nini?" Mimi nikitazamwa tu jasho linanitoka. Kwa hiyo kelele zilipoanza kupungua zenyewe, nilifurahi. Jumamosi tatu sikufungua kitu. Unapima nini kwenye injini iliyotulia?

Wiki iliyofuata nilitoka kijiji cha Mbingu na magunia ya mpunga. Gari likakosa nguvu, likazima, likakataa kuwaka. Nikampigia mjomba, nikijua atanigombeza.

Alikuja kwa bodaboda, mguu mbovu ameunyoosha pembeni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Tapeti zilinyamaza lini?"

"Kama wiki tatu."

"Ukafurahi?"

"Nilifurahi."

Akacheka mpaka akashika boneti. "Hata mimi zamani nilifurahi hivyohivyo, mpwa wangu."

Tukasubiri injini ipoe. Alinieleza kwamba petroli ya zamani ilikuwa na madini ya risasi, na risasi ile ilikuwa kama godoro pale valvu inapopiga siti yake, ile pete ya chuma inayoikalia ikifunga. Ya siku hizi haina, na ni afadhali kwa mapafu yetu. Lakini kwenye injini kama hii valvu za kutolea moshi zinakula siti, zinazama kidogo kidogo. Nafasi ya tapeti inajifunga, kelele zinaisha, na mwisho valvu haifungi sawasawa, injini inakosa nguvu.

Akatoa geji, kibati chembamba cha kupimia nafasi hiyo, kwenye mfuko wa shati, imeviringishwa kitambaa. Akarekebisha valvu moja, saba akaniachia.

"Vuta geji. Inapitaje?"

"Inabana kidogo."

"Hapohapo. Kaza nati."

Likawaka na kelele zake, tukarudi polepole. Baadaye silinda hedi, kichwa cha injini chenye valvu, ilipelekwa Morogoro, ikawekwa siti ngumu zisizoliwa.

Mwana mkubwa wa mjomba alipokuja likizo alinisikia nikiliwasha gari. "Baba, mbona bado linagonga? Si tulisema likisumbua tunaliuza?"

Mjomba alinitazama mimi. Mbele ya binamu zangu huwa nasema shikamoo tu, naondoka.

"Linagonga kwa sababu ni zima, kaka," nikasema. "Likinyamaza ndipo tuogope."

Kaka alilizunguka gari, akamtazama baba yake aliyekuwa ameinamia chai. Kisha akaniuliza kama Jumapili naweza kumpeleka nalo stesheni na mizigo yake.