Siku Nilipokosea Neno la Mzee Jozef

Mwanangu, iko siku moja hapa Guangzhou ambayo hata leo nikiikumbuka mwili unanisisimka. Nilikuwa kijana, nimetoka kusoma Poland miaka mitatu, nikaja huku kufanya ukalimani. Kiingereza ninacho, Kipolandi ninacho, Kichina cha sokoni kinanitosha. Basi nilitembea mabega juu.

Siku hiyo nilikuwa Pazhou, kwenye maonyesho ya biashara, nikimsindikiza Bi Salma, mfanyabiashara wa Unguja aliyekuwa akitafuta mikoba ya duka lake. Mara nikashikwa mkono. Alikuwa Mzee Jozef, Mpolandi, mkaguzi wa mishono katika kiwanda kimoja cha mikoba huko Shiling, pembeni ya mji. Tulijuana, maana ni mimi tu aliyeweza kuongea naye lugha ya kwao. Akaniambia binti yake, Anna, yupo hapo, amekuja kununua bidhaa. Hawajaonana tangu Anna ana miaka minne, mama yake alipohamia naye Uingereza. Binti hajui Kipolandi, baba hajui Kiingereza. Binti amekubali kumpa nusu saa, basi akaniomba nikawatafsirie, na Bi Salma akasema twende sote.

Tukakaa wanne kwenye mkahawa wa chai karibu na kituo cha metro, treni ya chini ya ardhi. Anna hakugusa kikombe. Akauliza kwa Kiingereza, "Miaka yote hii, leo anataka nini kwangu?"

Nikatafsiri. Mzee akasema anachotaka ni *pokój* tu.

Neno hilo nililizoea. Nilipofika Poland nilihangaika nalo wiki nzima, nikitafuta pa kupanga. Sikufikiri mara mbili. Nikamwambia Anna, "Anasema anataka chumba tu."

Anna akacheka kicheko kikavu. "Chumba? Mwambie hoteli zipo tele mji huu." Akachukua mkoba wake, akatoka. Mzee akabaki ananitazama mimi. Hakujua nimesema nini.

Bi Salma akaniuliza, "Mwanangu, neno alilosema lina maana moja tu?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwa Kipolandi, *pokój* ni chumba, na *pokój* hiyohiyo ni amani. Tena nililijua hilo, nililisoma darasani!

"Mie Kipolandi sikijui," akasema Bi Salma, "lakini macho ninayo. Mtu haombi chumba huku midomo inamtetemeka. Ungemwuliza, ungepungukiwa na nini? Haya, kimbia."

Nilimkuta Anna kwenye ngazi za metro. "Dada, kosa ni langu," nikamwambia, nikihema. "Neno lake lina maana mbili. Nadhani alisema amani."

Alisimama, watu wakitupita huku na huku. "Twende ukamwulize," akasema. "Mbele yangu."

Tukarudi. Nikamwuliza mzee ni *pokój* ipi, ya kulala au ya moyoni. Alinishangaa.

"Chumba ninacho, kule Shiling," akasema. "Sina amani. Naitaka na binti yangu."

Nikatafsiri neno kwa neno. Anna akavuta kiti, akaketi upande wa mzee. Hakumwita baba siku ile, lakini nusu saa ile ikawa alasiri nzima. Kila neno lililonitia shaka niliuliza kwanza, na hakuna aliyenidharau.

Nilistaajabu, mwanangu, na bado nastaajabu. Neno dogo la herufi tano! Ukilishika upande mmoja mtu anapata pa kulala, ukilishika upande wa pili anampata mwanawe. Nami nilikuwa nimelibeba kama mzigo wa kawaida.

Basi nakuasa: ukipewa neno la mtu ulifikishe kwa mwenzake, usilikimbilie kwa kuwa umelizoea. Mtazame aliyelisema. Ukiona shaka, uliza, hata kama umesoma. Na ukikosea, rudi mwenyewe ukaseme umekosea, kabla mtu hajafika mbali.

Mungu akupe ulimi mwangalifu na sikio lenye subira, na kila unayemfikishia neno alipokee kwa heri. Amina.