Kubadhi Lililobaki Njiani

Walisema sitamaliza hata mwaka. Walisema Bombay itanitema kama kokwa, nirudi Mombasa kushika msharasi wa baba yangu, ile sindano nene ya kushonea viatu. Baba alikuwa mshona makubadhi, viatu vya wazi vya ngozi, mtaani Kibokoni.

"Mwana wa mtu wa miguu atasoma nini zaidi ya miguu?" tajiri mmoja wa mchele alisema mbele ya baraza nzima. Watu wakacheka. Kisha akaniazima nauli ya meli, taratibu, ili kila aliyekaa pale auone mkono wake ukitoka mfukoni. Majirani watatu waliongeza kilichopungua, nao hawakusema neno.

Nilisoma. Vita vikanifungia njia ya kurudi, nikazidi kusoma. Vilipokwisha nilirudi na diploma ya utabibu, nikaitundika katika chumba nilichopanga Bondeni, juu ya kitanda cha mgonjwa, aione akilala na aione akiinuka. Sioni haya kusema kwamba mtaa mzima haukuwa na karatasi kama ile.

Tajiri hakuja kwangu. Miguu ilimsumbua, naye aliiita baridi yabisi. Kila alasiri aliinyosha barazani juu ya seredani ya makaa. "Moto wenyewe hauniwezi!" alijigamba, na watu wakamsifu kwa ukakamavu.

Ijumaa moja tulitoka msikitini pamoja. Akavaa makubadhi yake, akaenda mbele akisimulia bei ya mchele. Penye kona kubadhi la kulia likamchomoka, naye akaendelea, mguu mtupu juu ya mawe, hadithi haikukatika. Wenzake walidhani anafanya mzaha. Mimi nililiokota, nikaligeuza. Kisigino kilikuwa kizima, lakini ncha ya mbele ilikuwa imelika hadi kwenye uzi. Baba alinifunza kusoma ngozi: huyu hainui vidole, anaviburura.

Yaliyobaki niliyajua kwa diploma yangu. Mishipa ya fahamu ni kama nyaya za simu, hupeleka habari za ngozi hadi kwenye ubongo. Mirefu kuliko yote huishia vidoleni, na ugonjwa wa sukari huanza kuila huko mwisho. Kwanza mtu huhisi sisimizi wakimtembea, kisha miguu huungua bila moto, kisha kimya. Kimya hicho ndicho kibaya. Mtu hujeruhiwa asijue.

Ningeweza kumkimbilia pale pale. Sikumkimbilia. Nililiweka kubadhi lake kabatini siku tatu, hadi nilipotimiza pesa za watu walioniazima nauli.

Siku ya nne nilikwenda barazani asubuhi. Wale majirani watatu niliwalipa mkononi, kwa shukrani. Kisha nikamgeukia yeye.

"Salaam aleikum, mzee wangu."

"Aleikum salaam, fundi wa makubadhi. Umeleta changu?"

"Nimeleta. Lakini nalipa kwa desturi ya kazi yangu. Nyosha miguu, ufumbe macho. Ukisikia nimekugusa, sema."

"Jamani, mchezo wa watoto! Haya, fundi, tucheze."

Nilimgonga kwa kinyundo changu cha utabibu kwenye mshipa ulio juu ya kisigino. Mguu wenye afya huruka. Wake ulilala kama papa mkavu. Nikatoa msharasi wa baba, nikambonyeza kidole gumba kwa ncha yake butu, kisha unyayo, kisha kifundo.

"Anza basi," akasema, macho amefumba. "Wangoja adhana?"

Hapo kicheko kilikatika barazani. Unyayoni watu wote waliona kidonda cha moto, kipana kama shilingi, kimeanza kutoa maji. Nikamwekea noti zake juu ya mguu, moja baada ya moja, zote.

"Fundi, pesa zangu ziko wapi?"

"Nimekwisha kulipa, mzee. Fumbua macho."

Alitazama noti. Akaugeuza mguu, akakiona kidonda. Aliangalia nyuso za watu, na hakuna aliyempa jicho. Nilikuwa nimeingoja sura ile tangu siku ya meli, na sikuiharakisha.

"Mguu huu utabaki, daktari?" akauliza kwa sauti ndogo.

Daktari! Nikaliacha neno lile likae kidogo, wote walisikie.

"Seredani iondoke leo hii," nikamwambia. "Kesho uje Bondeni, usubiri zamu yako kama wengine."

Nikamtolea kubadhi lake, nikamvika mwenyewe.