Taarifa Isiyo na Muhuri

Sikuwa na homa, sikuwa nimelala, na pombe ya mnazi siigusi. Ilikuwa saa saba mchana, jua liko utosini, nami nachambua mchicha sebuleni kwangu hapa Malindi. Asiyetaka kuamini aishie hapa.

Mjukuu wangu Kadzo ni fundi wa minara ya intaneti. Aliweka kompyuta moja sebuleni kwangu na nyingine Mtwapa, kazi yao kuichunga minara. Moja ikiona hitilafu, huijulisha ya pili. Na ikija taarifa kwamba mnara hauna umeme, hii ya kwangu huuwasha kwa umeme wa akiba.

Shida ni kwamba mashine haijui sauti. Yeyote akipiga kelele kwamba mnara umezimika, inasadiki. Kwa hiyo Kadzo alizipa zote mbili neno moja la siri. Neno lenyewe halitumwi. Kila taarifa hupigwa muhuri kwa neno hilo na kwa saa ya kutumwa, na mashine inayopokea huukagua muhuri kabla ya kuamini.

"Kama mimi na wewe, Hawe," akaniambia. Hawe ni bibi, kwa Kigiriama.

Alikuwa na maana yake. Kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, na utani ni haki yao. Tangu utotoni Kadzo haingii kwangu bila tusi: "Mke mwenza, bado hujafa?" Nami namuuliza, "Umemfuata mume wangu tena?" Naye ana jibu lake, chafu kidogo, ambalo hata mama yake halijui.

Siku hiyo alikwenda Marereni kupanda mnara ulio karibu na mashamba ya chumvi. Aliukata umeme wake ili azishike nyaya kwa mikono, na mashine ya Mtwapa akaiamuru isiutolee taarifa. Ila alifanya kosa moja. Kitufe cha kuzikubali taarifa zisizo na muhuri hakukiondoa, alikiacha kwa majaribio. Akaniambia tu, "Kikitokea, usikiguse."

Saa saba mashine ikalia. Nilisoma hadi darasa la tatu, kwa hiyo kioo nilikisoma: Mnara wa Marereni hauna umeme. Taarifa haina muhuri. Ikubaliwe? Ikalia tena. Na tena. Nikaendelea na mchicha wangu.

Ndipo nikasikia, "Hodi."

Sauti ya Kadzo. Nikainua kichwa, na mlangoni amesimama Kadzo, na suruali yake ya kazi, na lile kovu la kidevuni. Lakini yuko pekupeku, miguu imegandwa na chumvi nyeupe hadi vifundoni.

"Shikamoo, Bibi," akasema. "Bonyeza kubali. Haraka, mnara utaharibika."

Nisidanganye, niliinuka. Kidole changu kilishafika juu ya kile kitufe. Nani hamwamini mtoto aliyemlea? Lakini ile shikamoo ilinikaa vibaya. Kadzo kuniamkia kwa adabu? Tangu lini?

Nikauliza bila kugeuka, "Umemfuata mume wangu tena?"

Akajibu: "Samahani, Bibi. Mimi sina ubaya na wewe."

Nikaondoa kidole, nikageuka. "Basi wewe sikujui," nikasema. "Toka mlangoni kwangu."

Hakikukasirika kile kitu. Kiliniangalia tu, kama mtu aliyesahau alichotumwa, halafu mlango ukawa mtupu. Mashine ikanyamaza.

Jioni Kadzo akaingia. "Mke mwenza, bado hujafa?" Nikamshika, nikalia. Alinicheka kwanza. Kisha akafungua kumbukumbu za mashine: taarifa saba, zote hazina muhuri, zote zimekataliwa, na zote zilikuja wakati yuko juu ameshika waya. Zimetoka wapi? Kwenye mashine ya zamani ya Marereni, ambayo yeye mwenyewe aliing'oa mwaka jana. Iko stoo kwangu, chini ya gunia la mahindi. Hata waya haina.

Hakucheka tena. Kitufe kile alikiondoa kabla hajala.

Ile mashine ya stoo tuliivunja kwa nyundo. Taarifa bado huja, saa saba, na hukataliwa. Na kizingitini kwangu hutoka chumvi. Nafagia asubuhi, mchana iko. Kuku hawapiti hapo.

Nawe unayesoma, patana na watu wako juu ya jambo ambalo haliko kwenye simu wala kwenye karatasi. Sauti unayoipenda ikikuharakisha, iulize kwanza. Usione haya.

Jibu la Kadzo siliandiki hapa. Kile kitu hakijaacha kuja, na huenda kinajua kusoma.