Kompyuta ya Magunia Matano

Mtu akinunua mfuko mmoja wa saruji mwezi huu na mwingine mwezi wa tatu, hapa Sumbawanga hatumcheki. Tunasema anajenga. Nyumba ninayopanga Kizwite ilijengwa kwa miaka tisa, na mwenye nyumba bado ananiambia haijaisha, hasa ninapomuuliza habari za dari. Lakini mtu akinunua kompyuta kwa mtindo huohuo, huyo anastahili kusemwa, na mimi nilimsema Zenon miaka mitano mfululizo. Haki hiyo ninayo. Mimi ndiye fundi wa simu na kompyuta hapa mtaani, na ushauri wangu aliuomba kila mwaka na kuutupa kila mwaka.

Zenon ni mpima mahindi. Yuko kwenye ghala la mnunuzi mmoja hapa mjini, na wakulima wa kuanzia Mollo hadi Mpui wanamjua kwa bambo lake, kile chuma chenye ncha anachokichoma kwenye gunia kutoa punje za ndani ili azipime unyevu. Kipimo kikisoma zaidi ya kumi na tatu na nusu, anasema neno moja tu, "Kaanike," kisha anamgeukia anayefuata. Hajawahi kupokea kuku wa mtu wala soda ya mtu. Wakulima wanamheshimu sana na hawampendi hata kidogo. Yeye mwenyewe analima Mollo, ekari nne za mahindi na kipande cha ulezi ambacho mkewe, Hilaria, hataki kisogelewe.

Mtoto wao wa mwisho ni Albina. Alipokuwa kidato cha kwanza, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, mama Otilia, alipita nyuma ya stendi akasikia makelele kwenye banda la gemu. Akachungulia. Ndani kulikuwa na wavulana kumi na wawili na msichana mmoja wa sare ya shule ameshika pedi ya kuchezea, na wavulana ndio waliokuwa wanamlipia, kwa sababu alikuwa anawafunga wageni wote. Otilia alilileta jambo hilo kwenye jumuiya, mwishoni kabisa, chini ya mengineyo, bila kutaja jina la mtu. Ndani ya dakika tano kila mtu alikuwa amemgeukia Hilaria.

Zenon alimfuata bintiye siku iliyofuata. Hakumpiga. Alisimama mlangoni na koti lake la ghala lenye vumbi, akamwangalia anafunga mabao matatu, ndipo akamwambia waende nyumbani. Njiani wakapatana: Albina asikanyage tena pale, naye baba yake atamtafutia kompyuta ya gemu, nzuri kuliko zote za banda lile, acheze nyumbani mbele ya mama yake. Albina aliuliza kama itakuwa ya kwao kabisa. Baba akasema itakuwa ya kwake.

Asubuhi yake akaja dukani kwangu. Nilimweleza kwa utaratibu. Kompyuta ya gemu ya mtu wa kipato chake hainunuliwi nzima, inaunganishwa: kasha, pawa saplai ya kuilisha umeme, mazabodi ambayo kila kitu kinakaa juu yake, prosesa ambayo ndiyo akili, ramu, diski, na kadi ya picha ambayo peke yake inakula nusu ya hela. Kioo cha kutazamia si lazima, televisheni ya nyumbani itatosha. Nikamwambia aweke hela miaka miwili, mitatu, kisha anunue vyote siku moja. Vitu hivi lazima vipatane vyenyewe kwa vyenyewe, na bei yake inashuka wewe ukiwa umelala. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa, nikajua amekataa.

"Fundi," akasema, "hela ikilala kwangu siku mbili, mtu anapiga simu kutoka Mpui ana mgonjwa. Ikilala wiki, inakuja kadi ya harusi. Lakini nani amewahi kuja kuniomba nusu ya bati?"

Ilinikera, kwa sababu ni kweli. Nyumba yake alianza na bati, akalihifadhi kwa kaka yake miaka mitatu kabla hata ya kufyatua tofali la kwanza. Hapa kwetu mahindi yakishauzwa tu, harusi zote za mkoa zinapangwa mwezi huohuo, na kadi za mchango zinasambaa na kiwango cha chini kimeandikwa kwa wino mwekundu ili usijifanye hukukiona. Naijua rangi hiyo vizuri. Kadi nyingi nazichapa mimi.

Basi Zenon akatenga magunia matano kila msimu. Mengine ya ada, mengine ya chakula, mengine ya saruji, na hayo matano ya kompyuta. Siku mahindi yanapouzwa, jioni hiyohiyo ananunua kifaa kabla simu haijaita.

Msimu wa kwanza akanunua kasha. Nilimwambia kasha ndilo la kununua mwisho, akanijibu kwamba huwezi kuweka kitanda mahali pasipo na kuta. Akachagua kubwa kuliko yote, lenye kioo ubavuni. Hilaria hawezi kuvumilia kitu cha kioo kikae kitupu. Akapanga humo vikombe sita vyenye ukingo wa dhahabu, vile walivyopewa kwenye jubilei ya ndoa yao, na juu akatandika kitambaa cha kufuma. Mwaka mzima wageni walilisifia kabati lile. Mama Otilia aliulizia linapouzwa.

Msimu wa pili ilikuwa pawa saplai, na hapo Zenon akaharibika moja kwa moja. Alikwenda dukani na mzani mdogo wa kuning'iniza. Mwenye duka akamletea mbili zinazofanana, zenye maandishi yaleyale, Zenon akazipima mbele ya wateja, akakuta moja haifikii hata nusu ya uzito wa mwenzake. Akachukua nzito, ingawa ilikuwa na bei zaidi. Nilitaka kumcheka, lakini nilishindwa, maana zile nyepesi ndani yake ni upepo mtupu na zinaunguza mashine za watu. Tangu siku hiyo ikawa hashauriki. Ramu alipoiona kwa mara ya kwanza aliiweka kiganjani, akaipandisha na kuishusha, akaniuliza kwa upole ni nani aliyewadanganya watu kununua biskuti kwa bei ya gunia.

Kila Julai ilikuwa namna hiyohiyo. Zenon anaingia nyumbani na mfuko chini ya koti, Albina anatandika mkeka sebuleni, wanakaa wawili. Binti anafungua boksi, anasoma karatasi ya maelekezo na kumfafanulia baba yake, kisha kifaa kinaingizwa kwenye kasha na kikombe kimoja au viwili vinahamia jikoni. Hilaria alinung'unika, lakini alihama navyo. Kule banda la gemu Albina hakuonekana tena. Mara mbili Otilia alipita kuhakikisha.

Msimu wa tatu mazabodi akainunua kwangu. Aliniuliza kama prosesa yake itapatikana baadaye, nikamwambia prosesa hazijawahi kukosekana. Ukweli ni kwamba mazabodi ile ilikuwa imekaa rafuni kwangu miaka miwili na nilikuwa nataka iondoke. Msimu wa nne, kadi ya picha iliyotumika, kutoka Mbeya, pamoja na diski na zile biskuti za ramu. Ikabaki prosesa peke yake. Mwaka uliofuata matokeo ya kidato cha nne yakatoka, na mwezi wa tano Albina akapangiwa shule ya bweni mkoani Iringa. Aondoke Jumatatu ya kwanza ya Julai.

Zenon akaja dukani siku hiyohiyo. Hakungoja hata nimwamkie.

"Lazima iwake kabla hajaondoka," akasema. "Nilimwahidi akiwa mtoto, sasa ananipita urefu. Siwezi kumsindikiza stendi na kabati la vikombe."

Sasa tatizo likawa mahindi. Mvua zilichelewa kukatika mwaka huo, na mahindi ya Mollo yalikuwa bado mabichi katikati ya Juni. Zenon aliyavuna hivyohivyo, akayapakia kwenye guta la magurudumu matatu, akapanga foleni ghalani kwake kama mkulima yeyote. Zamu ikafika, akatoka kwenye foleni, akavaa koti, akachukua bambo, akachoma gunia lake mwenyewe. Kipimo kikasoma kumi na tano na nukta mbili. Wakulima waliokuwepo wanasimulia mpaka leo. Alikiangalia kipimo, akafuta, akapima tena, ikawa ileile. Kisha akasema, "Kaanike," akavua koti, akapakia magunia yake akarudi nayo nyumbani. Watu walicheka mpaka wengine wakaketi. Mzee Polikarp wa Mpui, ambaye alikuwa amerudishwa mara tatu msimu huo, alimpa mkono.

Siku kumi mahindi yalikuwa kwenye maturubai uani, kwenye ule upepo wa Juni unaokausha nguo na midomo, Albina akiyageuza kwa reki asubuhi na mchana. Zenon alikuwa anayapima kila saa, anarudi ndani, anatoka tena. Niliwahi kumwambia kwamba mahindi hayakauki kwa kuangaliwa, akaniambia niende zangu dukani. Jumatano yakafika kumi na tatu na nusu, yakauzwa. Prosesa akaiagiza jioni hiyohiyo kupitia mpwa wake wa Mbeya, na safari hii hakuniuliza. Mpwa alimwambia achukue ya mwaka huu, kali kuliko zote za bei ile, na Zenon akaona ni sawa, kwani mtu wa kununua bati la mwaka juzi ni nani.

Jumamosi mchana basi likaleta kifurushi. Tulifungua dukani kwangu. Nikaishika prosesa, nikaigeuza, nikaangalia kitako cha mazabodi, pale prosesa inapokaa, nikaigeuza tena. Haikai. Mazabodi ilikuwa ya kizazi cha nyuma, ile niliyomuuzia mimi, na prosesa mpya zilikuwa zimebadilishwa kitako kitambo. Maneno yote niliyokuwa nimeyahifadhi kwa miaka mitano, kwamba nilikwambia, kwamba hukunisikia, yalinijia mdomoni, nikayameza.

"Kosa ni langu, baba Albina," nikasema. "Nilikuuzia kitu kilichokuwa kimenidodea."

Hakugomba. Ningependa angegomba. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, mikono magotini, akaniuliza kama kuna basi la kwenda Mbeya usiku huu na kurudi kesho asubuhi. Halikuwepo, na yeye alilijua hilo. Nilimwonea huruma, nikajionea aibu zaidi, na mtu mwenye hasira kama mimi akiona aibu anafanya kazi. Niliivuta kompyuta yangu ya dukani, nikaifungua. Ilikuwa ya kizazi kilekile cha mazabodi yake, na prosesa yake ilikuwa nzima. Nikaing'oa. Hiyo ndiyo iliyochapa kadi za harusi kwa miaka minne, zikiwemo karibu zote zilizomfikia Zenon. Nikamwambia aichukue, mimi nitabaki na mpya yake mpaka nipate mazabodi ya kuiweka. Akaipokea, na tabia ni tabia, akaipandisha na kuishusha kiganjani.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwao. Kikombe cha mwisho kilitolewa, Hilaria mwenyewe ndiye aliyekibeba. Mama Otilia alikuwepo, anasema alikuwa anapita. Niliunganisha, nikabonyeza, taa za kasha zikawaka nyekundu, kijani, buluu, Zenon akafanya ishara ya msalaba bila kujijua. Albina alishika pedi. Akafunga mabao matatu kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kukaza skrubu. Otilia akasema mtoto huyu ana kipaji, na kwamba yeye aliliona hilo mapema kabla ya mtu mwingine. Kisha Albina akampa baba yake pedi, akamshika vidole, akamwonyesha pa kubonyeza. Zenon alijifunga mwenyewe mara saba na hakutaka kuondoka pale.

Albina alinisindikiza mpaka getini.

"Anko," akasema, "usimwambie baba. Mimi gemu zilinitoka moyoni tangu kidato cha pili."

Nilimuuliza mbona hakusema, baba yake akaacha kuhangaika.

"Ningesemaje? Kila Julai alikuwa anakuja na kitu chini ya koti, tunakaa mkekani mpaka chakula kinapoa. Mwaka mzima nilikuwa nasubiri siku hiyo." Akaangalia chini. "Nikafikiri nikisema, ataacha."

Jumatatu aliondoka na basi la alfajiri. Siri yake nimeitunza, na hapa naisema kwa sababu Zenon hasomi kitu kisicho na namba.

Wiki tatu baadaye, baada ya kuuza mahindi yaliyobaki, Zenon aliingia dukani na mfuko chini ya koti. Nilianza kupandwa na hasira palepale. Kompyuta ilikuwa imekamilika, haikukosa kitu, na nyumba yake mpaka sasa haina dari. Akatoa pedi ya pili.

"Likizo ya Desemba," akasema. "Akija tucheze wawili. Iangalie, fundi, wasije wakawa wamenipa upepo."

Niliichukua. Ilikuwa pedi ya kawaida, nyepesi, ya aina ile inayouzwa sokoni kwa fungu. Niliipandisha na kuishusha kiganjani mara mbili, taratibu, nikamrudishia.

"Ni nzito," nikamwambia.