Vitabu Vitatu na Magoti ya Mama Mkwe

Mama mkwe wa fundi mmoja alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na minane, na siku aliyostaafu wanawe walimuuliza anataka nini. Hakuhitaji muda wa kufikiri. Alisema anataka kwenda kuiona ile nchi ya watakatifu, ambako kila kilima kina kaburi la mcha Mungu na kila bonde lina pango ambamo mtu alijifungia akaomba miaka arobaini bila kuoga. Watakatifu wa dini gani, hakujali.

"Nimewapokea watoto wa dini zote," alisema. "Wote walilia vilevile."

Wanawe wakashughulikia tiketi. Kazi ya kumchagulia kitabu cha kumwongoza huko akapewa mkwe wake.

Mkwe huyu alikuwa fundi wa lifti, mtu wa miraba minne, kilo mia moja na kumi bila sanduku la vifaa, na katika miaka yake hamsini na minne hakuwahi kutia mguu nje ya nchi yake. Alipewa kazi hiyo kwa sababu ndiye pekee katika ukoo aliyesoma maelekezo kabla ya kuwasha kitu. Pasi mpya ilipoletwa nyumbani, alikaa nayo nusu saa pamoja na karatasi yake, huku mkewe akisubiri na shati mkononi.

Mama mkwe akampigia simu kumpa masharti.

"Baba, mimi mambo yangu ni mawili tu. Ngazi na choo. Nataka kitabu kinachosema ngazi ni ngapi na choo kiko wapi. Utakatifu nitauona mwenyewe nikifika."

"Nimekuelewa, Mama."

"Magoti yangu unayajua."

Aliyajua. Ukoo mzima uliyajua. Watu walipomaliza kumjulia hali yeye, waliyajulia hali magoti.

Duka la vitabu lilikuwa mtaa wa posta, kati ya mtengeneza miwani na mchonga mihuri. Muuzaji, mwanamke aliyevaa miwani moja machoni na nyingine kichwani, alimwekea vitabu vitatu mezani. Cha kwanza kilikuwa kikubwa kama sinia, kimejaa picha za minara na mapambazuko. Cha pili kilikuwa kinene, kimeandikwa na wasomi sita, na kila jiwe la nchi ile lilikuwa na tarehe yake. Cha tatu kilikuwa chembamba, karatasi zake za rangi ya maji ya chai, na hakikuwa na picha hata moja.

"Vyote vinapendwa," alisema muuzaji.

"Vinasema kweli?"

Muuzaji alivua miwani ya machoni akavaa ya kichwani. "Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza."

Fundi alivipekua vyote vitatu akiwa amesimama. Tatizo lilikuwa wazi. Nchi yenyewe hajawahi kuiona. Mtu akimwambia kuna monasteri juu ya jabali, atasema sawa. Akimwambia iko chini ya jabali, atasema sawa pia. Akasimama pale kwa muda mrefu, mpaka muuzaji akamletea kiti.

"Hawa waliotoa vitabu hivi," aliuliza hatimaye, "wametoa pia vya mji huu wetu?"

Walikuwa wametoa, wote watatu. Vilikuwa rafu ya chini kabisa, kwa ajili ya wageni, na vilikuwa na vumbi la kutosha kuonyesha wageni ni wachache. Muuzaji akamwazima hadi Jumatatu, kwa sharti kwamba asikunje kurasa.

"Nilikutuma kitabu kimoja, wewe umeniletea uchunguzi," alisema mkewe alipomwona na mzigo ule.

"Mji huu naujua. Atakayedanganya hapa, atadanganya na kule."

Mkewe akampigia mama yake. Mama yake akasema Jumamosi asubuhi atakuwa tayari, kwa kuwa msafiri ni yeye, na haoni kwa nini vitabu vijaribiwe na mtu mwenye magoti mazima.

Basi Jumamosi wakatoka, mkwe na mama mkwe, wakaanza kutembea katika mji wao kama wageni. Fundi alibeba vitabu. Mama mkwe alibeba mkoba na mwavuli, na kila baada ya muda alisimama akasema, "Hebu endelea kusoma."

Kitabu cha picha kiliwapeleka kwenye mnara wa saa, ambako mgeni angepanda na kuona "mandhari ya kumtoa mtu machozi." Mlango wa mnara ulikuwa na kufuli lenye kutu. Fundi alijua kwamba umefungwa kwa miaka kumi na moja, lakini alitaka Mama ajionee.

"Machozi naweza kuyatoa hapa hapa chini," alisema mama mkwe. "Tuendelee."

Kitabu cha wasomi kilikuwa na kurasa nne kuhusu mahakama ya zamani: aliyechora ramani yake, mawe yalikotoka, na ugomvi wa wasomi wawili juu ya nguzo za mbele. Walilizunguka jengo lile mara moja na nusu. Mlango wa mbele ulikuwa umezibwa kwa matofali, na kati ya wale wasomi sita hakuna aliyeona haja ya kusema kwamba siku hizi watu huingilia nyuma, karibu na mapipa ya taka.

"Hawa wanajua kila kitu," alisema mama mkwe, akiegemea mwavuli, "isipokuwa pa kuingilia."

Kikabaki kile chembamba. Mama mkwe akakichukua mwenyewe, akakisogeza mbali kidogo na macho, akasoma kwa sauti:

"'Jengo la Bima. Ghorofa ya tisa ina roshani iliyo wazi kwa wote, na mji mzima unaonekana. Ngazi ni mia moja na themanini na mbili. Choo kiko ghorofa ya pili, ufunguo anao mlinzi. Lifti hukwama. Usiitegemee.'"

Akashusha kitabu, akamgeukia fundi. Lifti ya Jengo la Bima ilikuwa mikononi mwake kwa miaka ishirini na sita.

"Hii si ile yako, Baba?"

"Ndiyo, Mama."

"Hukwama?"

"Haikwami. Watu wanatia chumvi."

Alisema hivyo kwa sababu ndivyo alivyoamini. Kwenye meza ya mlinzi kulikuwa na daftari la malalamiko, na kila wapangaji walipoandika kwamba lifti imekwama, yeye alikuja siku hiyo hiyo, akaipanda juu na chini mara tatu, ikaenda kama maji, kisha akaandika chini yake: Imekaguliwa. Haina tatizo. Daftari lilikuwa la tano sasa.

Wakaenda. Mlinzi alimpokea fundi kwa heshima zote, na kwa mama mkwe akainuka kabisa.

"Lifti inafanya kazi?" aliuliza mama mkwe.

"Leo itafanya, Mama. Ikimwona fundi inashika adabu."

Wakapanda wote wawili hadi juu. Haikutikisika. Wakaiona roshani, wakauona mji, wakashuka salama. Fundi alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu aliyesafishwa jina. Mama mkwe alikuwa akimtazama kwa jicho lile alilowatazamia wajawazito waliodai hawasikii maumivu.

"Sasa wewe kaa hapa na mlinzi," alisema. "Nipande peke yangu."

"Mama, hakuna haja."

"Nilikuwa mkunga, Baba. Mume akiwepo chumbani, mama anajifanya jasiri. Akitoka, ndipo unajua hali yenyewe. Kaa."

Mama mkwe hakatazwi. Fundi akakaa. Milango ikafungwa, taa za namba zikaanza kuwaka moja moja juu ya mlango: mbili, tatu, nne, tano. Kwenye tano zikaganda.

Mlinzi alitazama dari. Fundi alitazama namba. Kisha akainuka, akachukua sanduku la akiba la vifaa aliloliweka kwa mlinzi, akapanda ngazi mia moja na kitu kwa mwendo ambao haukuonekana kwake tangu alipokuwa kijana, akafika kati ya ghorofa ya tano na ya sita akihema kama mvukuto.

"Mama!"

"Nipo," ilijibu sauti kutoka nyuma ya chuma, tulivu kabisa. "Usikimbie, utaanguka, nami siwezi kutoka kuja kukuinua."

"Unaumwa popote?"

"Sijambo. Niko ukurasa wa arobaini. Kumbe tuna bustani ya mimea nyuma ya hospitali. Nimefanya kazi pale miaka yote hiyo, sikuwahi kuiona."

"Nakuja kukuteremsha kwa mkono, Mama. Itachukua dakika kumi."

"Chukua zako. Ilitikisika kidogo upande wa kushoto kabla ya kusimama. Sijui kama inakusaidia."

Ilimsaidia sana. Alipanda hadi chumba cha mashine, akaizungusha mashine kwa mkono mpaka lifti ikashuka sawa na sakafu ya ghorofa ya tano, akamfungulia mama mkwe wake kwa ufunguo, akamshika mkono, akamwomba radhi mara saba. Mama mkwe alizipokea tano. Zilizobaki alisema azipeleke kwa wapangaji.

Alasiri yote ile fundi alikuwa amelala kifudifudi kwenye chumba cha mashine, akimulika lifti kwa tochi kupitia tundu la kamba za chuma. Mlinzi alimwita mwanamke mmoja mwembamba aliyezoea kukwama awe anapanda na kushuka. Ndipo fundi alipoona. Yale mapande yanayoteleza kwenye reli, ambayo mafundi huyaita viatu, yalikuwa yamelika upande mmoja. Mtu mzito akiingia, lifti ilitulia na swichi ya mlango ikagusana vizuri. Mtu mwepesi kama Mama akiwa peke yake, lifti iliyumba kidogo kushoto, swichi ikaachana kwa upana wa unywele, na kila kitu kikasimama. Kwa miaka yote hiyo aliyeikagua alikuwa mtu wa kilo mia moja na kumi, mwenye sanduku.

Akazima tochi. Mlinzi akamuuliza kama amepata tatizo.

"Nimelipata," alisema. "Ni mimi."

Jumatatu alibadilisha viatu vyote vinne. Kisha akapanda ghorofa ya saba kwa mshona suti, mwanamke mwembamba kama sindano zake, ambaye katika daftari la tano peke yake alikuwa ameandika mara kumi na tisa.

"Nimekuja kuhusu lifti," alisema fundi mlangoni.

"Lifti ipi? Ile isiyo na tatizo?"

"Ndiyo hiyo. Ilikuwa na tatizo."

Mshonaji alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichoma kwenye kishikio chake. "Karibu ukae," alisema. Kwa jinsi alivyosema, fundi alijua kwamba atakaa kwa muda, na kwamba atasikiliza. Alikaa, akasikiliza yote kumi na tisa.

Jioni ile alirudi dukani kabla halijafungwa, akarudisha vitabu vya mji, akanunua kile chembamba cha nchi ya watakatifu.

"Umeamua hiki?" muuzaji aliuliza. "Watu wengi hukiona kikavu."

"Kile cha mji kimenitukana."

"Pole sana."

"Kwa haki," alisema fundi, na akaomba afungiwe vizuri.

Mama mkwe alisafiri mwezi uliofuata, siku kumi na mbili. Aliporudi, fundi na mkewe walimwendea nyumbani, mke akaenda jikoni kuchemsha chai, na fundi akabaki sebuleni kuuliza maswali yake. Alikuwa ameyaandika.

Ngazi za kanisa la juu ya jabali zilikuwa mia tatu na kumi na nne, kama ilivyoandikwa. Mama hakuzipanda; mwenzake wa safari ndiye aliyezihesabu. Ngazi za kaburi la mtu mmoja wa dini, aliyesemekana kulala na simba, zilikuwa kumi na moja, si kumi. Fundi aliandika hilo. Vyoo vyote vilikuwa mahali pake, kasoro kimoja kilichokuwa kimegeuzwa duka la mishumaa.

"Na utakatifu, Mama?" aliuliza, kwa kuwa swali hilo lilikuwa la mwisho kwenye karatasi.

Mama mkwe alijipapasa magoti kidogo.

"Kuna mahali kitabu kilisema hakuna cha kuona," alisema. "Kilisema palikuwa na hekalu, likaanguka, wakajenga kanisa, likaanguka, wakajenga msikiti, ukaanguka. Sasa kuna uwanja na benchi chini ya ukuta. Wenzangu wakabaki garini. Mimi nikashuka. Nikakaa. Nikawakumbuka wale watoto ambao sikuweza kuwaokoa. Ni wachache, Baba, lakini nilikuwa sijawahi kuketi nao. Nikalia. Kisha nikamenya chungwa, nikala, nikarudi garini."

Fundi alitazama karatasi yake, lakini maswali yalikuwa yamekwisha. Jikoni vikombe vilisikika vikipangwa kwenye sinia.

"Benchi lilikuwa na mgongo?" aliuliza.

"Lilikuwa nao," alisema mama mkwe. "Mzuri tu."