Nipe Mji

Juzi niliwasikia wasichana barazani wakitegana vitendawili, ikanijia harufu ya viazi vya karai vya shangazi Mwanaisha.

Alasiri moja nilipokuwa mdogo, akivikaanga, mashoga zake walinitega kitendawili, nikashindwa.

"Basi tupe mji!"

Mji nilioujua ulikuwa mmoja tu, wetu. "Chukueni Kuze."

"Tumeshauchukua!"

Nikaangua kilio. Sikujua kwamba ni maneno ya mchezo. Nilidhani tutahama siku ileile. Wenzake walicheka hadi machozi. Shangazi alinipakata, akanifuta kamasi kwa ncha ya leso yake, akaninong'oneza jibu.

"Haya, sasa nitege mimi."

Nikamtega kilekile. Akafikiri, akajikuna kichwa.

"Nimeshindwa, mwanangu. Chukua Kuze."

Mpaka leo naishi Kuze, na kila nifunguapo mlango namshukuru aliyenipa.